Nataka kuchukua Mazda MX-5 ya 1999 iliyolala Malindi. Wajuzi, nisaidieni kuikagua kabla sijatoa pesa

#1 Mshela (mwenye uzi)

Assalam aleikum na habari za jioni wapenzi wa magari. Niko Malindi, mtaa wa Shela, kazi yangu ni ufundi wa majokofu na viyoyozi mahotelini. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu utotoni, na mara ya kwanza nilipolijaribu niliumia.

Nimepata gari upande wa Casuarina. Mazda MX-5 toleo la pili, lile ambalo taa za mbele haziinuki. Injini 1.8, gia za mkono, usukani kulia, namba ya usajili bado ni ile ya zamani inayoanza na KA. Rangi ni kijani kilichokolea, paa la turubai rangi ya kaki. Dashibodi inasoma kilomita 86,000. Mwenyewe ni mzee wa Kitaliano aliyekaa hapa Malindi miaka mingi na Kiswahili chake ni safi. Magoti yamemchosha, hawezi tena kushuka kwenye kiti kilicho chini namna ile. Anataka 950,000.

Waliokulia Malindi miaka ya tisini wananielewa. Jioni, jua likishapoa, Waitaliano walikuwa wakipita Lamu Road na magari ya wazi, na mimi na ndugu yangu tunakaa juu ya ukuta kuyasubiri. Hatukuwa tunatamani utajiri wa mtu. Tulikuwa tunapenda ule mlio na namna dereva anavyokaa chini, karibu na barabara, upepo unampiga usoni kama nahodha. Nikasema nikijaaliwa, na mimi nitakuwa nalo moja.

Mwaka 2014 nikajaaliwa. Nilinunua MX-5 ya toleo la kwanza, ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, 1.6, nyekundu, taa za kuinuka. Niliinunua Mombasa kwa dalali mmoja aliyeniapia kwamba bodi haijaguswa. Nilikaa saa nzima nasikiliza injini, na kweli injini ilikuwa inaimba. Bodi niliizunguka dakika tano. Zulia sikuinua hata upande mmoja. Mwaka wa pili mlango wa kulia ukaanza kugoma kufunga. Mwaka wa tatu tukachomea chini mara mbili. Mwaka wa nne fundi akaweka bomba lake chini, akaniambia, "Bwana, hapa hakuna chuma cha kushikia tena." Gari likauzwa kwa kilo. Injini ilikuwa bado nzima siku lile lori lilipokuja kulibeba.

Siku zote nimelaumu hewa ya bahari, maana naiona kazini: kiyoyozi kilichowekwa upande wa ufuoni, yale majani yake ya alumini yanageuka unga kabla ya cha upande wa barabarani hata kupauka. Sasa naogopa kurudia. Nikague nini? Na je, gari la umri huu ni klasiki kweli, au ni mkweche tu unaopendwa?

#2 Kikambala1

Ndugu yangu, gari la turubai na chumvi ya Malindi haviendi pamoja. Laki tisa na nusu unapata Probox safi, inafanya kazi na inakulisha. Nakwambia kwa nia njema.

#3 Mshela

Nashukuru kaka. Gari la kazi ninalo, pikapu, ndilo linalobeba gesi na vyombo. Hili ni la roho.

#4 Fundi_Maweni

Mshela, pole kwa lile la kwanza. Mimi ni fundi wa bodi hapa hapa Malindi na MX-5 zimepita mikononi mwangu kadhaa, nyingi zimeletwa zikiwa zimeshachelewa. Ngoja nikwambie kilichoua gari lako, kwa sababu usipokijua utaliua na hili.

Hewa ya bahari hula kwa nje. Huanzia kwenye mikwaruzo, kwenye bawaba, kwenye bolti. Unaiona, unaisugua, unapiga rangi. Lako halikuliwa kwa nje. Mlango uliogoma kufunga ndio umeniambia.

Sikiliza namna maji yanavyotembea kwenye gari hili. Mvua ikinyesha juu ya turubai, maji yanateremka mpaka nyuma ya viti, na pale hayamwagiki nje. Yanapokewa na mfereji wa mpira uliofichwa chini ya turubai. Mfereji unayapeleka pembeni, kushoto na kulia, kisha yanashuka kwa bomba mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo njia waliyochora Wajapani na ni njia nzuri, sharti iwe wazi. Likiingia jani, likaingia vumbi, bomba linaziba. Maji yanafurika na kuingia ndani ya kizingiti cha mlango. Kizingiti kile ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Maji yakiingia yanakaa, jua la Malindi linayapasha moto, na chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona kipele cha rangi mbele ya gurudumu la nyuma, ndani kumeshakwisha.

Sasa kwa nini mlango uligoma? Gari lenye paa la chuma limeshikwa juu na chini, kama sanduku. Gari la wazi limeshikwa chini tu. Mzigo wote wa kulizuia lisikunjike uko kwenye vizingiti na ule mfupa wa katikati. Kizingiti kikioza, gari linalegea kiunoni, mlango hauoni tena mahali pake.

Kwa hiyo nenda na vitu vinne: kikombe cha maji, sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi na tochi. Omba ruhusa ya mwenyewe kwanza. Shusha paa. Mimina maji polepole nyuma ya kiti, pale pembeni karibu na mkanda unapotokea. Mtu mwingine alale chini aangalie. Maji yatoke mara moja, upande mmoja kisha wa pili. Halafu inua zulia, weka kiganja sakafuni. Sumaku ipitishe kizingiti chote, hasa futi moja ya mwisho kuelekea nyuma. Ikikataa kushika, hapo pamejazwa pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi. Bisibisi uisukume kwa chini, si kwa nguvu za kutoboa chuma kizima, chuma kizima kitakujibu chenyewe.

Toleo la pili lina ugonjwa mmoja zaidi ambao la kwanza halikuwa nao sana: reli za chesi za mbele, zile mbili zinazopita chini ya injini pande zote. Zimepandishwa chuma juu ya chuma, na unyevu hunasa katikati. Lala chini uziangalie na tochi. Kama zimevimba kama mkate, shukuru, rudi nyumbani.

Betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Inua zulia la buti pia. Watu huweka betri ya kawaida isiyokuwa na bomba la kutolea hewa, mvuke wa asidi unakula bati la buti.

Injini mimi sina wasiwasi nayo. Uliza tu mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Husemwa kilomita laki moja, lakini mpira huzeeka hata gari likilala. Na uangalie pampu ndogo ya klachi kule chini, huvuja. Ni kazi ya asubuhi moja.

#5 Mshela

Fundi, nimesoma mara tatu. Miaka yote hii nilikuwa nalaumu bahari. Gari langu la kwanza lilikuwa likilala chini ya mti wa mkungu, na kila asubuhi nilikuwa nafagia majani juu ya turubai. Hayo niliyoyaona. Yaliyoingia chini sikuyajua.

#6 DadaWaAmu

Fundi_Maweni amenikumbusha nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, sasa ni miaka kumi na moja niko Malindi. Kwetu gari si jambo la mjini, vichochoro ni vya punda, lakini chombo tunakijua. Marehemu babangu alikuwa fundi wa mashua. Alikuwa akisema chombo hakiozeshwi na bahari, kinaozeshwa na mvua. Maji ya chumvi ubao unayavumilia. Maji matamu ya mvua yakituama ndani, kwenye ngama, kule chini kabisa ya chombo, ndipo ubao unapogeuka sifongo. Ndiyo maana chombo kikipandishwa pwani wakati wa kusi kali, kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakikusanyi maji ndani. Kalafati ya kuziba mianya na deheni ya kupaka chombo zinakuja baadaye.

Nilikuwa nadhani ni mambo ya mbao tu. Kumbe na chuma.

Mshela, mimi naendesha SLK ya 1998, ile Mercedes ya paa la chuma linalojikunja lenyewe. Mume wangu aliichukua kwa rafiki yake miaka sita iliyopita. Naipenda, lakini nitakuwa mkweli kwako. Likiwa zima, ile sekunde ishirini na tano ya paa kujikunja na kuingia kwenye buti hata watoto wa jirani wanasimama kuangalia. Lakini paa lile linaendeshwa kwa mafuta na mitungi midogo ya haidroliki, na sili zake zinazeeka. Siku moja nilikuwa Watamu, mawingu yakafunga ghafla, nikabonyeza, paa likafika nusu likasimama. Nusu juu nusu chini, na mvua ndiyo hiyo. Mafuta yalinidondokea begani, nguo ikaharibika. Kupata mtu wa kuzitengeneza zile sili ilibidi mitungi isafirishwe mpaka Nairobi. Turubai la MX-5 unafungua vitasa viwili juu ya kioo, unalitupa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Likichanika, mafundi wetu wa turubai na matanga wanaweza kulishona. Hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

#7 Tudor_Zaidi

Mbona hakuna aliyetaja Toyota MR-S? Ilitoka 1999, injini iko nyuma ya viti, na injini yenyewe ni 1ZZ, ile ile iliyomo kwenye Premio na Wish za 1.8. Spea ziko kila duka kuanzia Mombasa mpaka Malindi. Na MX-5 utakwenda kutafuta wapi? Kwa mtu wa pwani mimi naona hesabu iko wazi.

#8 Fundi_Maweni

Tudor, hoja yako ina nguvu, na kama angeipata MR-S nzuri ningemwambia aichukue. Ila zile za mwanzo zinakunywa oili, na haina buti, mzigo unaingia nyuma ya viti tu. Ukienda sokoni huna pa kuweka samaki. Spea za MX-5 si shida kama watu wanavyodhani. Injini yake ni ya ukoo wa Mazda 323 na Familia, vitu vingi vya injini vinaingiliana. Kinachosumbua ni vitu vya bodi, na hivyo hata MR-S vinasumbua.

#9 Tudor_Zaidi

Hapo kwenye samaki nimekuelewa. Lakini mkono wangu bado uko kwa MR-S.

#10 Matuta_Gede

Ndugu zangu mnazungumza kutu, mimi naomba mzungumze matuta. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na ukipita Gede, Matsangoni, Tezo, Kilifi, Vipingo mpaka Mtwapa, matuta hayahesabiki, mengine hayana rangi wala alama. Gari hili tumbo lake liko chini. Na jua je? Saa saba mchana bila paa unaungua kichwa.

Simkatazi. Nauliza tu kama amefikiria siku ya kawaida itakuwaje.

#11 Mshela

Nimefikiria kaka. Gari hili halitaona saa saba mchana. Ni baada ya alasiri mpaka magharibi, na Jumapili alfajiri. Tuta nalipanda kwa upembe, gurudumu moja baada ya jingine, nilijifunza kwa ile ya kwanza. Barabara ninayoitaka ni ya kwenda Mambrui, unavuka daraja la Sabaki, mto umejaa udongo mwekundu, kushoto mashamba, kulia unaanza kuona matuta ya mchanga. Tuktuk zikishaisha pale nje ya mji, njia inafunguka.

#12 Wakili_Mstaafu

Vijana mmezungumza chuma vizuri. Mimi nizungumze karatasi, maana nimeona watu wakilia kwa karatasi kuliko kutu.

Mwanangu Mshela, kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni, fanya upekuzi wa gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Jina lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Namba ya chesi iliyopigwa kwenye bodi iwe ndiyo iliyo kwenye logibuku, isome kwa macho yako, usisomewe. Magari ya wageni yana mtego mmoja: kuna yaliyoingia nchini kwa msamaha wa ushuru, kwa sababu ya kazi ya mwenyewe wakati ule. Gari la namna hiyo likihamia kwa asiyekuwa na msamaha, KRA, watu wa mapato, wanadai ushuru wao kwanza. Muulize mzee alilipata vipi, na akuonyeshe.

Uhamisho ufanyeni mkiwa pamoja, muuzaji akubali upande wake na wewe wako. Usikubali lile neno la "nitakusainia nikirudi kutoka Ulaya". Watu wamebaki na magari yasiyokuwa yao kwa sababu ya neno hilo.

Bima, uliza mapema. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu. Huenda ukapata ile ya kuwalinda wengine barabarani tu, na hapo ujue kwamba likiibwa au likigongwa, hasara ni yako.

#13 Mvita_Garini

Nijibu lile swali ambalo wote mmelipita. Klasiki au mkweche?

Si kila kilichozeeka ni klasiki. Premio ya 2003 imezeeka lakini hakuna anayeamka usiku kwa ajili yake. Kuna magari ya kale kabisa, yale ya babu zetu, ambayo hutolewa kwa maonyesho tu. Halafu kuna kundi hili la katikati, la miaka ya tisini mpaka mwanzoni mwa elfu mbili: bado linakwenda kazini, bado fundi wa kawaida analielewa, halina kompyuta kumi, lakini toleo lake halitengenezwi tena. Hilo ndilo nalihesabu klasiki ya kisasa. BMW Z3 imo humo, SLK ya dada imo, Porsche Boxster ya kwanza imo kwa mwenye moyo wa kuishi na ile beringi yake ya ndani ya injini, Honda S2000 inayozunguka mpaka karibu elfu tisa imo ingawa bei yake sasa si ya sisi.

MX-5 ndiyo iliyowarudisha wote hao. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, wakati ambapo Waingereza waliokuwa mabingwa wa magari madogo ya wazi, kina MG na Lotus Elan ya zamani, walikuwa wamekwisha kabisa sokoni. Mazda wakachukua wazo lile lile, injini mbele, nguvu nyuma, uzito chini ya tani moja, wakaongeza kitu ambacho Mwingereza hakuwa nacho: gari linalowaka kila asubuhi na lisilovuja oili. Mpaka 2016 walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Duniani si adimu. Kwetu ni adimu, kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Hilo la 1999 huwezi kuliagiza leo hata uwe na pesa za namna gani. Yaliyopo ndiyo yaliyopo, na kila moja linalouzwa kwa kilo, kama lile lako Mshela, limepunguza hesabu.

Ila nakuomba, usilinunue ukitegemea faida. Pesa ya kuchomea, ya rangi, ya turubai, itakula faida yote. Linunue kwa sababu ya barabara ya Mambrui.

#14 Ngomeni_Kijana

Samahani naingilia. Hapa kwetu kuna jamaa ana Fiat Barchetta ya mgeni, imefunikwa, anasema anaiuza nusu ya bei hiyo ya Mazda. Ni nzuri sana kwa macho. Vipi hiyo?

#15 Mvita_Garini

Kaka, Barchetta ni gari la kupendeza kweli kweli, lakini kiwandani halikutengenezwa na usukani wa kulia, yote ni ya kushoto. Hapa gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kama gari la kawaida. Muulize huyo jamaa logibuku. Nahisi hana, na ndiyo maana ya ile nusu bei.

#16 Mshela

Nimerudi. Jumamosi tulikwenda, mimi na Fundi_Maweni, maana alikubali kuja na hakutaka hata pesa ya boda. Allah amlipe.

Tulifika saa moja asubuhi makusudi ili injini tuikute baridi. Niliweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Baridi. Gari liko kwenye banda la makuti, zuri, lina hewa. Lakini banda lenyewe liko katikati ya mivinje, na pale nikaona fundi anatazama juu kwanza kabla ya kulitazama gari.

Tulianza na kushoto. Mzee mwenyewe ndiye aliyemimina kikombe, mimi nililala chini. Nilihesabu mpaka tatu, maji yakadondoka kwenye mchanga mbele ya gurudumu. Safi.

Tukahamia kulia. Akamimina. Nikangoja. Hakuna. Fundi akasema aongeze. Akaongeza kikombe cha pili, na hapo wenzangu, nikasikia. Maji yalikuwa yanatembea ndani ya kizingiti, taratibu, kama maji ndani ya dafu unalolitikisa sikioni. Nililala pale chini na moyo ukanishuka. Ile sauti niliwahi kuisikia kwenye gari langu jekundu, kila nikikata kona baada ya mvua. Nilidhani ni tangi la mafuta.

Fundi alikuja na mshipi mnene, ule wa kuvulia nguru. Aliusukuma kutoka chini, akauzungusha, akauvuta. Kikatoka kidonge cheusi kama gundi. Tulikikamua kwenye kitambaa: sindano za mvinje, miaka na miaka ya sindano za mvinje, zimeoza zikawa matope. Baada ya hapo maji yakashuka yenyewe, rangi ya chai ya mkandaa, kwa muda mrefu kuliko vikombe viwili tulivyomimina.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Miaka yote nimeliegesha hapa kwa ajili ya kivuli." Sikuwa na neno la kumwambia. Alilitunza kwa mapenzi, ana faili la risiti la unene wa kiganja, kila oili imeandikwa tarehe. Hakuna aliyemwambia habari ya tundu la kutolea maji.

Tuliyoyakuta mengine: zulia la kulia lina unyevu, la kushoto kavu. Sumaku ilishika kila mahali, kwa hiyo hakuna pati, hilo lilinifurahisha, hajawahi kuficha kitu. Bisibisi ilizama sehemu moja tu, chini ya kizingiti cha kulia, kama shubiri moja kabla ya gurudumu la nyuma. Tundu limefunguka la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Fundi alipapasa kulizunguka, akasema ubovu ni wa shubiri moja na nusu, si zaidi. Reli za mbele nzima, zimepigwa lami nyeusi na hakuna uvimbe. Sakafu ya buti nzima. Mwanya wa mlango wa kulia uko sawa juu na chini, ina maana kiuno hakijalegea. Mkanda wa taiming ulibadilishwa 2011, kwa hiyo huo ni wa kutoa. Klachi inavuja kidogo, kama fundi alivyosema.

Kuhusu ushuru, mzee alilinunua hapa hapa nchini kwa mtu aliyekuwa ameshalipa, karatasi zipo. Namba ya chesi nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

Tulilitoa barabarani, paa chini. Tukavuka Sabaki. Usukani wake unaongea, ukigusa mchanga kidogo pembeni mwa lami unausikia kwenye vidole. Gia inaingia kwa mwendo wa kifundo cha mkono tu. Fundi ambaye siku zote ni mtu wa maneno alinyamaza kutoka darajani mpaka Mambrui.

Tumekubaliana 720,000. Sikumkamua, nilimwonyesha lile tundu na hesabu ya fundi, yeye mwenyewe ndiye aliyetaja. Uhamisho tunaufanya Jumatano, tukiwa pamoja, kama mzee wetu wakili alivyosema.

#17 DadaWaAmu

Alhamdulillahi. Sindano za mvinje! Na mimi nina mivinje miwili getini. Kesho namtafuta fundi.

#18 Kikambala1

Nilikukataza lakini nimesoma mpaka mwisho, na nimefurahi kwa ajili yako. Hongera ndugu.

#19 Fundi_Maweni

Kwa watakaosoma uzi huu baadaye. Kizingiti hatutakibandika kiraka juu. Tunakata mpaka tufike kwenye chuma kinachong'aa, ndipo tunachomea bati jipya. Gari litakuwa limesimama kwa magurudumu yake, na mlangoni tutaweka chuma cha kulizuia lisijikunje tukishakata. Ukilinyanyua kwa jeki katikati kisha ukakata, utalichomea likiwa limepinda na halitanyooka tena. Tukimaliza tunapuliza nta ndani ya boksi, kisha tunaacha siku mbili.

Na Mshela, usilioshe kwa maji ya kisima chako. Visima vingi vya Shela vina chumvi, unaliosha huku unalipaka adui. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, ndoo mbili zinatosha. Usilifunike kwa nailoni pia, jasho linabaki ndani. Banda la makuti lenye hewa linashinda kifuniko chochote.

#20 Ngomeni_Kijana

Nimeuliza logibuku ya ile Barchetta. Hana. Asanteni.

#21 Matuta_Gede

Mshela, utaliegesha wapi sasa?

#22 Mshela

Nyuma ya nyumba, nimeanza kujenga banda la makuti, nguzo za mikoko, wazi pande tatu. Hakuna mvinje wala mkungu karibu. Kuna mwembe wa jirani tawi moja linakuja upande wetu, nimeshazungumza naye, ameniruhusu nilikate kabla maua hayajatoka. Kikombe nimekiweka kwenye buti pamoja na kipande cha ule mshipi. Mvua za vuli zikianza napima tena, nikianzia kulia.